Kompyuta ya ISE 14.7 inakaribia kufa: hifadhi programu, si mradi peke yake

Mkuu, umeuliza ufanyeje na kompyuta ya Windows 7 yenye ISE 14.7 (programu ya Xilinx ya kuunda saketi za chipu za FPGA), maana bodi zenu za Spartan-6, mojawapo ya chipu hizo, bado ziko kazini. Vivado, programu iliyoirithi ISE, haitakufaa: inaanzia familia ya 7 ya chipu hizo, Spartan-6 haimo.

Tengeneza mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) ya VirtualBox sasa, kabla diski haijagoma. Sakinisha Windows 7, ISE na faili la leseni. Wengi hukwama kwenye leseni: mara nyingi imefungwa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Andika MAC hiyohiyo kwenye mipangilio ya mashine pepe, na siku ya kuingiza OVA (faili moja lenye mashine pepe nzima) kwingine chagua kubakiza anwani zote, la sivyo VirtualBox inaweza kuzalisha mpya. Chomoa kebo pepe ili mashine isiingie mtandaoni, ila kadi yenyewe usiifute, leseni inaitafuta.

Kisha ujenge mradi upya kutoka sifuri humo ndani. Usilinganishe faili za .bit (matokeo ya ujenzi yanayopakiwa kwenye chipu), la zamani na jipya, moja kwa moja, kwani kichwa chake hubeba tarehe na saa; zitatofautiana hata muundo ukiwa uleule. Washa chaguo la kutoa .bin, yaani data ileile bila kichwa, ulinganishe hizo kwa SHA-256 (alama ya kidijitali ya faili). Zikitofautiana, angalia kwanza kama UserID (namba ya mtumiaji ndani ya faili) imewekwa kuwa muda wa ujenzi, halafu toleo la ISE na mipangilio ya .xise, faili la mradi.

OVA iwe kwenye diski mbili, pamoja na kisakinishi, .ucf (masharti ya pini na muda) na .xco (mipangilio ya vipande vilivyozalishwa na CORE Generator ya ISE). Hizo .xco husahaulika sana.