Shangazi, nasubiri usukani mpya na mdogo wangu haniongeleshi

"Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, ugonjwa wangu ni resi za magari za kwenye kompyuta. Nimeoda usukani mpya, ule wa staili ya Formula 1, pamoja na besi yake (lile boksi la mota linaloshika usukani) ya dairekti draivu, nguvu ya kuzungusha nyutoni mita 8. Ulitakiwa uwe umefika zamani ila tarehe wameisogeza mara 2. Ili hela itimie niliuza seti ya zamani, usukani na pedali zake. Sasa mdogo wangu tuliyekuwa tunapokezana kila usiku, mimi Formula yeye drifti (kuliserereshea gari kona makusudi), mwezi mzima haniongeleshi kisa zile pedali alizinunua yeye kwa akiba yake na mimi nilisahau kumwambia. Nikimwambia usukani ukija tutachezea wote anainuka anaondoka. Mimi kila saa naangalia mzigo umefika wapi, usingizi sina, pedi, ile ya kuchezea gemu kwa vidole, nimeigusa mara moja nikaona takataka. Nifanyeje siku ziende na huyu dogo nimwambieje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu vitu ulivyooda, na hapo kwenye kuhesabu nitarudi maana kuna kitu kimekupita.

Ila kwanza usidhani unamwandikia mama asiyejua unachoongelea. Mimi usukani wangu wa kwanza niliufunga kwenye meza ya kupigia pasi, kona ya kwanza tu meza ikaja na mimi, pasi ikaenda kwake. Kwa hiyo tunaelewana.

Haya, "nilisahau kumwambia". Mwanangu hukusahau. Mtu anasahau mwavuli. Wewe ulipiga picha ile seti, ukaandika tangazo, ukajibu maswali ya wateja, ukazikunja zile waya, ukafunga boksi ukamkabidhi mtu, na muda wote huo dogo yuko chumba cha pili anakusikia unakohoa. Ulijua akiambiwa atakataa ndo maana ukanyamaza, na yeye anajua kwamba ulijua. Hicho ndo kinamuuma, pedali ni kisingizio tu ingawa nazo ni zake na hela yake inabidi irudi.

Na unashangaa ukimwambia "tutachezea wote" anainuka? Hebu kaa ufikirie vizuri, kwenye ile seti ya zamani usukani ulikuwa wako pedali zake, bila yeye gari halikanyagwi bila wewe halikati kona, alikuwa mwenye mali. Kwenye huu mpya atakuwa mgeni, anasubiri umkaribishe, umwambie basi zamu yako imeisha. Mimi pia ningeinuka.

Halafu kuna jambo nadhani hukuliwaza kabisa ila yeye kaliona siku ileile. Usukani wa Formula umekatwa juu na chini, si duara. Kwenye gari lenyewe hilo halina shida, dereva anakaa kama amelala, nafasi ya magoti ni finyu, na usukani unazunguka kidogo tu kiasi kwamba mikono inabaki palepale pembeni hata kwenye zile kona za polepole. Vile vibao vya kubadilishia gia vya nyuma ya usukani navyo ndo mambo hayohayo ya kutoachia mkono, Ferrari walivianzisha mwaka 1989 na dereva wao Nigel Mansell akashinda navyo resi ya kwanza tu kule Brazil. Sawa, kwa Formula hakuna kitu kitamu kama hicho, nakuelewa kabisa mate yanavyokutoka. Lakini dogo anacheza drifti! Drifti unaachia usukani ujizungushe wenyewe kwenye viganja halafu unaudaka, sasa usukani uliokatwa ataudaka wapi, mkono unaenda juu unakuta hewa. Kwa hiyo uliuza pedali zake ukanunua usukani ambao yeye hawezi kuutumia kwa anachokipenda, halafu unamwambia tutachezea wote. Ee!

Sasa kuhusu kungoja. Tarehe kusogea kunaudhi na siwatetei waliosogeza, ila hiyo siku unayoiota naona umeipamba kupita kiasi. Nikwambie itakavyokuwa. Boksi litafika, utafunga kila kitu, utaingia Spa, ule uwanja wa resi wa Ubelgiji, na utakuwa UNAENDA POLEPOLE zaidi kuliko ulivyokuwa na ule wa zamani. Sio masihara. Ule wa zamani, kama ni ule wa gia ndani wenye kelele kama mashine ya kusaga, nguvu yake ni kama nyutoni mita 2 hivi na taarifa nyingi za tairi zinapotelea mle kwenye meno ya gia. Dairekti draivu usukani umekaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hakuna gia hakuna mkanda, kila kitu tairi inachosema kinakufikia mkononi, na mwanzoni mkono hauelewi lugha hiyo. Nyutoni mita 8 kwenye usukani wa sentimita 28 ni kama mtu kaning'iniza karibu kilo 6 pembeni mwa usukani halafu wewe unashindana nazo kila nguvu ikifika kileleni. Baada ya nusu saa mikono inatetemeka. Anza na nusu ya nguvu, upandishe taratibu, na ukiona unaenda kugonga ukuta achia mikono, vidole gumba visibaki vimenasa ndani ya usukani maana ile mota haina huruma.

Sasa kwa sababu una muda (umepewa bure na hao waliosogeza tarehe) acha kuangalia mzigo uko wapi, utazame meza yako. Meza nyepesi hiyo kitu itaitikisa hadi skrini icheze. Na kama unacheza kwenye konsoli hakikisha leo hii, sio siku boksi linafika, kwamba besi na usukani vyote vinakubaliana nayo, maana kwenye kompyuta besi nyingi zinakubali ila PlayStation na Xbox kila moja ina masharti yake na zipo besi zinazokubali moja zinakataa nyingine. Mimi hilo nililijua nikiwa nimeshachana boksi, sitasema la nani, niliumia vya kutosha.

Na pedi iokote huko ulikoitupa. Takataka wapi, kuna watu wanatumia pedi wanakupita wewe na usukani wako kona zote. Kwenye pedi bado unajifunza ufunge breki wapi na utoke kwenye kona vipi, hayo hayaji na boksi.

Haya tuje kwenye hesabu yangu. Umeandika umeoda nini? Usukani wa Formula. Besi. Nimesoma tena na tena. Pedali ziko wapi? Vitu vya daraja hilo mara nyingi vinauzwa kimojakimoja, besi peke yake, usukani peke yake, pedali peke yake, na za zamani umeshauza. Kama kweli hazimo kwenye oda, siku boksi likifika utakaa na usukani mzuri kuliko wote mtaani na gari halitasogea hata mita moja.

Kwa hiyo leo jioni nenda kwa dogo, usiende na habari za "ukija tutacheza". Mwambie nimeuza kitu chako bila kukuuliza na nilijua ni chako. Nyamaza hapo, mwache aseme yake hata akisema vibaya. Mrudishie hela yake yote, kama hunayo toa nusu na umtajie tarehe ya nusu nyingine, na hiyo tarehe usiisogeze mara 2. Akipoa, siku hiyo au nyingine, mwulize kama yuko tayari achague pedali mpya, na zikinunuliwa ziwe zake tena, wewe uwe ndo unaomba. Ukimsikia anataja breki ya lodi seli, ile inayopima umekanyaga kwa nguvu kiasi gani sio mguu umeenda mbali kiasi gani, mkubalie haraka, inaweza kukusaidia kuliko hata usukani. Ila kiti chenye magurudumu kitawarudisha nyuma kila mkikanyaga, tumbukizeni magurudumu kwenye viatu vya zamani.

Baadaye hela ikipatikana ongeza usukani wa duara, besi nyingi unachomoa mmoja unachomeka mwingine. Huo wa duara usiutangaze, siku ya zamu yake aukute tu umeshafungwa.