Maswali na majibu: Gothic ya Paradise Lost, uzuri wake na kasoro zake

Safu iliyopita niliandika kwamba kila Julai, ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza na kukaa juu ya mabati yetu hapa Mbeya, naitoa Gothic, albamu ya gothiki dumu-metali ya bendi ya Paradise Lost, na kuisikiliza yote. Maswali yamekuja, nayajibu.

Mimi mgeni kabisa. Hiyo gothiki dumu-metali ni muziki gani? (Msomaji, Mafinga)

Ni hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, iliyopunguzwa mwendo. Ngoma zinatembea kama watu wanaosindikiza jeneza, na magitaa yanavuma chini kabisa. Hiyo ndiyo dumu, na mizizi yake iko kwa bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, 1970. Ugothiki ndio unaoleta sauti ya mwanamke, kinanda, okestra na ile huzuni ya makaburini. Paradise Lost walianza mwaka 1988 huko Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mji wa vilima, mvua na viwanda vya sufu. Gothic ni albamu yao ya pili, ilitoka 1991: nyimbo 10, karibu dakika 40. Waliokuja baadaye walijifunza mengi hapo, kwa hiyo na wewe anzia hapo.

Nimeusikiliza wimbo wa kwanza. Huyo kaka mbona ananguruma tu? Uzuri uko wapi? (Mwanakwaya, Tukuyu)

Dada, kwanza mwache mwimbaji, Nick Holmes, na ngurumo zake. Fuata gitaa la solo la Gregor Mackintosh. Wewe unaimba kwaya, utalishika upesi. Unajua msibani usiku, watu wamechoka, mama mmoja anaanzisha wimbo peke yake kwa sauti ya juu, halafu wengine wanaingia chini yake polepole? Gitaa hilo ndiye yule mama. Noti inavutwa, inakaa, inatetemeka kidogo mwishoni, ndipo inashuka. Chini yake gitaa la rithimu la Aaron Aedy linasaga bila haraka. Ukishalisikia hivyo, rudi sasa kwenye ngurumo: utaona kwamba Holmes hakupewa tuni, tuni amepewa Mackintosh. Yeye amepewa uzito.

Kisha anaingia Sarah Marrion, sauti nyembamba, safi, kama mtu anayeimba kutoka chumba cha pili. Nimeusikia wimbo huo mara nyingi sana na pale anapoingia bado naacha ninachofanya. Nguvu ya albamu nzima iko hapo, kwenye nafasi iliyopo kati ya sauti hizo mbili.

Unaisifu mno. Haina kasoro? (Mwanafunzi, Iringa mjini)

Inazo, mdogo wangu, na zinaniuma kwa sababu naipenda. Kubwa kuliko zote ni kwamba walichokigundua kwenye wimbo wa kwanza hawakukitumia vya kutosha. Sarah Marrion anasikika kidogo mno. Okestra nayo inatokea, inapotea, na mara nyingine inasikika kama kinanda kilichowekwa juu ya wimbo uliokwisha kukamilika. Wimbo wa mwisho, Desolate, ni okestra tupu na hauzidi dakika mbili. Mlango unafunguliwa, na albamu inaishia kizingitini.

Nyingine ni ngurumo yenyewe. Holmes ana rangi moja tu hapa. Huzuni na hasira vinatoka kwa sauti ileile, kwa hiyo kwenye nyimbo kama Shattered na Rapture, zinazofuatana, mgeni atashindwa kujua wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Ngoma pia zimerekodiwa kikavu. Muziki mzito namna hii ulidai ngoma yenye kifua. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema irekodiwe upya. Ubaridi wa ile sauti ni sehemu ya mahali ilikotoka.

Kijana wangu anasikiliza muziki huu usiku chumbani. Ni wa mashetani? (Mama, Njombe)

Shikamoo mama. Sitakuficha: kwenye albamu zao za mwanzo kuna maneno yanayobishana na dini, na jina lenyewe la bendi wamelitoa kwenye utenzi wa John Milton kuhusu Adamu na Hawa kufukuzwa bustanini. Ila ninachokisikia mimi humo ni maombolezo, si ibada ya shetani. Kaa naye jioni moja, mwambie akuchezee wimbo anaoupenda zaidi, kisha umuulize unamgusa wapi. Akikuambia ana huzuni, hilo ndilo la kulishughulikia, na wimbo utakuwa umekusaidia kulijua.

Napiga gitaa la umeme. Nipateje ule uzito? (Mbeya, Mwanjelwa)

Legeza nyuzi zote kwa nusu sauti au sauti nzima, na uweke nyuzi nene zaidi ili zisilegee mno. Njia hii ina historia: Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, na kulegeza nyuzi kulimpunguzia maumivu. Uzito ule ulizaliwa humo. Halafu piga kidogo. Piga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, iache ivume mpaka karibu ife, ndipo upige ya pili. Vijana wengi wanashindwa hapo, wanauogopa ukimya.

Baada ya Gothic, nini? (Makambako)

Turn Loose the Swans, albamu ya bendi ya My Dying Bride, 1993. Wanatoka Bradford, jirani kabisa na Halifax, na kwenye albamu hiyo walikuwa na fidla ya Martin Powell. Mwimbaji wao humo ananguruma na pia anaimba kwa sauti ya kawaida, kitu ambacho Gothic ilikikosa. Usiisikilize kwa spika ya simu, itakunyima besi yote, azima hedifoni.