Sikukoga Mwaka, Mwanangu Akafa: Je, ni Adhabu ya Nairuzi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Kwetu ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, nimeolewa mjini. Mwaka jana Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao kwetu watu hukoga baharini, sikwenda shamba kwa sababu mwanangu alikuwa mchanga na kipupwe kilikuwa kikali. Baada ya wiki sita akashikwa na homa, siku ya tatu akafariki. Bibi yangu anasema mbele za watu kwamba nimemuua mimi kwa kutomkogesha mwaka. Mume wangu naye amemsikiliza ustadhi anayesema kuhesabu Nairuzi na miongo, yale makumi ya siku za mwaka wa jua, ni unajimu, unajimu ni shirki, na wanaohesabu ni makafiri. Baba yangu ni mvuvi, anahesabu miongo tangu ujana wake, na sasa mume wangu amenikataza kula kwake. Julai inakaribia. Niende au nisiende? Na huyu mtoto, ni kweli sababu ni mimi?

JAWABU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah, binti yangu. Lile zito umeliweka mwisho, mimi naanza nalo. Si wewe. Mwanao hakufa kwa Nairuzi wala kwa maji ya bahari ambayo hayakumgusa.

Mwaka wa 10 Hijria Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye alikuwa bado ananyonya. Siku hiyo hiyo jua likapatwa, na watu wa Madina wakayaunganisha mawili hayo: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Tazama hali ilivyokuwa. Baba yumo msibani, na maneno yenyewe ni ya kumtukuza yeye na mwanawe, angenyamaza, yangepita. Hakunyamaza. Aliwaswalisha, kisha akawahutubia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa jua halikufungamana na kifo cha mwana wa Mtume, lifungamane na cha mwanao kwa lipi? Na Mtume huyo huyo alimlilia Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi lia, binti yangu. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa kujipiga na kupasua nguo, machozi hayakukatazwa.

Sasa nije kwa bibi. Yeye anaamini kwamba mwaka unapogeuka kuna nuhusi, yaani mkosi, inayotakiwa kuoshwa, na asiyeiosha huingia nayo mwaka mpya. Tuseme tumkubalie kwa dakika moja tu, tuulize: mwaka unageuka lini? Nairuzi ni neno la Kiajemi, maana yake siku mpya, na kwa Waajemi ni siku ambayo usiku na mchana hulingana, tarehe 20 au 21 Machi. Hesabu iliyofika pwani yetu ni ya siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kujazia. Lakini jua halimalizi mzunguko wake kwa siku 365, linahitaji karibu robo siku zaidi. Robo hiyo hesabu yetu haiweki popote. Kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi hutangulia siku moja, na katika miaka mia huwa imetangulia siku 24 hivi. Leo Makunduchi inakogwa mwezi wa Julai; kwa hesabu hiyo hiyo, miaka mia nyuma ilikuwa mwezi wa Agosti.

Maana yake ni kwamba siku hiyo jua haligeuki kabisa. Jua hufika kikomo chake cha kaskazini tarehe 20 au 21 Juni, na kikomo chake cha kusini tarehe 21 au 22 Desemba. Kufika Nairuzi ya Makunduchi, jua limeshaanza safari ya kurudi karibu mwezi mzima. Kwa hiyo nuhusi hii inayosubiri mlangoni pa mwaka inasubiri mlango upi? Wa Machi, wa Juni, wa Julai, au ule wa Agosti waliokoga mababu? Mwenye kudhuru kweli hatembei na makosa ya kalenda. Simkejeli bibi, kapokea kwa waliomtangulia. Lakini neno la kumwambia mama aliyefiwa kwamba amemuua mwanawe halibebeki, na anatakiwa aambiwe hivyo.

Nikimaliza na bibi nageukia kwa ustadhi, na huyu nitakaa naye zaidi, kwa sababu bibi anakosea kwa mapokeo na yeye anakosea kwa kitabu mkononi.

Dalili yake ni hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Daud, kwamba mwenye kuchukua elimu katika nyota amechukua tawi la uchawi. Hadithi tunaikubali. Ila wanazuoni waliishaifafanua zamani. Mwanachuoni Al-Khattabi, katika kitabu chake cha kuzifafanua hadithi za Abu Daud, amesema kinachokatazwa ni kudai kuyajua matukio yajayo kwa nyota: nani atakufa, bei itapanda, vita vitazuka. Ama ile inayojulikana kwa kuona, ambayo kwayo hujulikana zawali, yaani jua kupinduka mchana, na upande wa kibla, hiyo haimo katika katazo. Na kwa Bukhari yako maneno ya Qatada kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, vimondo vya kuwapigia mashetani, na alama za kuongozea njia. Ustadhi amesoma mstari mmoja akafunga kitabu.

Kisha, je, hasomi Qurani? Suratu Yunus aya ya 5: Allah amelifanya jua kuwa mwangaza na mwezi kuwa nuru, akaupimia vituo ili mjue idadi ya miaka na hisabu. Suratu Rahman aya ya 5: jua na mwezi huenda kwa hisabu. Na aya ya 17 ya sura hiyo hiyo: Mola wa mashariki mbili na Mola wa magharibi mbili. Wafasiri wengi wamesema mashariki mbili ni mawio ya kiangazi na mawio ya baridi, yaani vile vikomo viwili nilivyovitaja. Makunduchi inatazama mashariki, jua linazuka baharini, kwa hiyo aya hii mnaiona kwa macho. Simama ufukweni alfajiri ya Juni, weka alama pale linapochomoza. Rudi Desemba, simama pale pale. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, uhesabu: baina ya alama mbili hizo zinaingia ngumi nne na nusu hivi. Suratu Maarij aya ya 40 imetaja mashariki zote kwa wingi, kwa sababu kila siku baina ya vikomo hivyo jua lina mawio yake. Kinachokuwa ibada kwa msomaji kinakuwaje shirki kwa mvuvi?

Baba yako anahesabu miongo kwa haja. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, na Ramadhani iliyoangukia msimu wa kusi, upepo wa kusini, baada ya miaka 16 huikuta kaskazi, upepo wa kaskazini. Kwa mwezi tunafunga, tunahiji, tunahesabu eda. Lakini shamba la mpunga halipandwi kwa Rajabu, wala chombo hakingoji Shawwal ili upepo ugeuke. Mvuvi anajua bamvua na maji mafu kwa mwezi, kusi na kaskazi anazijua kwa miongo. Hata makhalifa walihitaji hivyo. Huko Iraki na Uajemi kodi ya ardhi ilifuata Nairuzi, nayo kwa sababu ya ile robo siku ikawa inatangulia mavuno, mkulima anadaiwa na nafaka bado mbichi. Khalifa Al-Mu'tadid, mwaka 895 Miladia, akaisogeza mpaka tarehe 11 Juni ili mkulima alipe baada ya kuvuna. Ustadhi atamkufurisha na yeye?

Na hilo la kukufurisha ndilo lililonitia hofu zaidi ya yote. Mtume (s.a.w.) amesema anayemwita nduguye kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Masahaba waliosilimu karibuni, wakiwa njiani kwenda Hunayn, waliomba wawekewe mti wa kutundikia silaha kama mti wa washirikina. Mtume akawakemea kwa ukali, akawaambia mmesema kama walivyosema Wana wa Israili kumwambia Musa. Aliwakemea, akawafundisha, hakuwatoa katika dini. Na hao waliomba kitu kibaya kweli. Baba yako hata hicho hakukiomba, anahesabu siku tu.

Kwa hiyo chakula cha baba yako ni halali, binti yangu. Mume ana haki ya kutiiwa katika mema, na kukata udugu si katika mema. Msomee mumeo jawabu hili kwa upole mkiwa wawili, si mbele ya mama yake.

Ama kwenda Mwaka Kogwa, hukumu haiwi moja kwa mambo yote yanayofanyika siku hiyo, lazima tuyapambanue. Kuoga baharini kwa itikadi kwamba kunaondoa nuhusi ni shirki: ndogo ukiamini ni sababu tu aliyoiweka Allah, kwa maana hakuiweka, kubwa ukiamini maji au siku vinadhuru vyenyewe. Kibanda cha makuti kinachotiwa moto, watu wakatazama moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje, hiyo ni ramli ya moshi badala ya mchanga. Mtume amesema hakuna tiyara, yaani kuamini mikosi, na anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, haikubaliwi swala yake siku arubaini. Usisimame hapo, hata kwa kutazama tu na simu mkononi. Kupigana kwa migomba kunasemwa ni kutoa kinyongo cha mwaka. Mimi naona kinyongo hutolewa kwa kusameheana, na kumpiga mtu usoni kumekatazwa hata katika mchezo. Kilichobakia ni wageni, chakula na jamaa kukutana, na haya asili yake ni mema.

Basi mema hayo yatoe katika siku hiyo. Anas amepokea kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta wana siku mbili za kucheza, akawaambia Allah amewabadilishia zilizo bora, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufuturu. Wafafanuzi wa hadithi wamesema siku mbili hizo zilikuwa Nairuzi na Mihrajani, sikukuu za Kiajemi. Ni Nairuzi hii hii, kwa jina lake. Kwa hiyo sioni ruhusa ya kuifanya sikukuu. Nenda wiki moja kabla, au siku kumi baada yake. Chukua mchele, samaki, nazi, upike kwa bibi, ule naye, ulale. Ukitaka kuoga baharini uoge, bahari ni ya Allah siku zote. Wapo wanazuoni wanaolegeza kwa anayekwenda kuona jamaa tu, siwashutumu. Lakini wewe una donda, na mwaka huu ukionekana ufukweni kila mtu atasema umekwenda kukubali kosa.

Bibi usibishane naye mbele za watu. Mshike mkono, mwamkie, mwambie: bibi, nilimzaa mimi na aliyemchukua ni Mwenyewe, niombee dua, usinihukumu. Akirudia, nyamaza, toka nje, rudi baadaye na chai.

Kuna madhara mengine ya itikadi hii ambayo watu hawayasemi. Mtu akishajua kwamba mtoto amekufa kwa mwaka, haulizi tena homa ile ilikuwa ya nini. Allah akikujaalia mwingine, ujue kwamba mtoto mchanga akipata homa hasubiriwi siku ya tatu, wala hatangulizwi kwa mganga. Siku hiyo hiyo apelekwe kituo cha afya, apimwe malaria, atazamwe kifua. Silaumu lililopita, kadari imetimia. Nasema kwa lijalo, na pia kwa wazazi wengine wanaosoma.

Baba yako mpe kazi mbili. Ya kwanza, anunue daftari, aandike miongo yake yote na dalili zake, upepo na mvua na samaki, kwa kuwa hesabu hii wanaoijua ni wazee. Ya pili, amfundishe mumeo kupima kivuli, wakae pamoja mchana mmoja. Wasimike kijiti cha mita moja mahali tambarare, wakinyooshe kwa uzi uliofungwa jiwe. Kuanzia saa sita kasoro mpaka saa saba kasoro robo, waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kokoto iliyo karibu zaidi na kijiti ndiyo istiwai, jua likiwa juu kabisa. Kivuli kikianza kurefuka tu, zawali imeingia na adhuhuri imeanza. Wakipima jua likiwa kikomo cha kaskazini mwezi wa Juni, kivuli hicho kwa Unguja hutoka sentimita 57, kinaelekea kusini. Desemba ni sentimita 31, kinaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba hakipo, jua limesimama utosini.

Watu wengi hukosea hapa. Alasiri huingia kivuli kinapokuwa urefu wa kijiti na kile kivuli cha istiwai juu yake. Anayesubiri mita moja tu mwezi wa Juni, badala ya mita moja na sentimita 57, anaswali alasiri saa tisa kasoro robo wakati haijaingia, inaingia karibu saa kumi kasoro robo. Saa nzima nje ya wakati, na swala hiyo airudie. Mumeo ataona mwenyewe kwamba bila hesabu ya jua hata swala tano hazisimami, na baba mkwe ndiye wa kumfundisha.

Wallahu aalam.