Pingamizi Lako Liingie Kwenye Kumbukumbu: Ushauri kuhusu Wateule Wanaopigwa Msasa

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia hivi: "Shikamoo Mama. Nimeona gazetini tangazo la Karani wa bunge letu la kaunti, linaalika maoni kuhusu wateule wa gavana. Nina ushahidi kuhusu mmoja wao. Je, kuna haja ya kuandika, ilhali kila mtu anajua kwamba watapitishwa wote?"

Marahaba, mwanangu. Haja ipo, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnataka jambo lilelile analolitaka kijana huyu, yaani vyeo vya umma viende kwa wanaovistahili, na baadhi yenu mnatarajia siku moja kuketi wenyewe mbele ya kamati kama wateule, nitajibu kwa kirefu.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha masjalani. Nilipokea barua, nikazigonga muhuri, nikaziandika katika daftari la barua zinazoingia, nikazipa nambari za folio, yaani nambari ya kila hati ndani ya faili, na kuzifunga katika faili zake. Watu wengi waliidharau kazi hiyo, lakini mimi niliipenda na bado naionea fahari, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba katika ofisi ya umma nguvu ya hoja haianzii katika ukali wa maneno yake, bali katika uwezo wa kuonyesha kwamba hoja hiyo ilipokelewa, lini, na mkononi mwa nani. Kupigwa msasa kwa wateule, yaani kuchunguzwa na kuhojiwa na kamati kabla ya kuidhinishwa, kunakoonyeshwa kwenye runinga, kwa maswali ya wabunge na majibu ya wateule waliovaa suti mpya, ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa hufanyika kabla, kwenye karatasi.

Ibara ya 124 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka uteuzi unaohitaji idhini ya Bunge uchunguzwe kwanza na kamati, mapendekezo ya kamati yawasilishwe Bungeni ili yaamuliwe, na vikao vya kamati na vya Bunge lenyewe viwe wazi kwa umma. Sheria ya Uteuzi wa Umma (Idhini ya Bunge) ya mwaka 2011 inaingia ndani zaidi: umma uarifiwe angalau siku 7 kabla ya kikao, na ripoti iwasilishwe ndani ya siku 28 tangu Bunge lilipoarifiwa kuhusu uteuzi. Muda huo ukiisha kabla Bunge halijakubali wala kukataa, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Tafadhalini msipite haraka hapo. Kimya cha wabunge kinampa mteule cheo, na kimya cha mwananchi kinawapa wabunge sababu ya kunyamaza. Sheria ya namna hiyohiyo kwa mabunge ya kaunti ilipitishwa mwaka 2017.

Sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote kumpelekea Karani ushahidi wa kupinga ufaafu wa mteule, lakini kwa maandishi yaliyotolewa chini ya kiapo. Neno kiapo ndilo linalowaangusha wengi. Wananchi huandika barua zenye uchungu wa kweli, wengine hutuma ujumbe wa barua pepe kutoka kwenye simu, na kamati huziweka kando bila kuzijibu kwa kuwa hazikuapiwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: andika hati ya kiapo, ipeleke kwa kamishna wa viapo, uiapie mbele yake, kisha yeye atie saini, tarehe, mahali na muhuri. Kila kiambatisho nacho kigongwe muhuri na kupewa alama yake. Ada yake si kubwa, na hati hiyo haiwezi kuondolewa mezani kwa kisingizio kwamba ni porojo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya utaratibu mtupu, na kwamba wanasiasa hawajali utaratibu. Ningewaomba wakumbuke Januari 2011, pale Rais Mwai Kibaki alipotangaza majina manne kwa nafasi za Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Wote wanne walikuwa wanaume, na Tume ya Huduma za Mahakama haikuwa imeshirikishwa katika kumpata Jaji Mkuu. Katiba ilikuwa mpya, na masharti yake ya mpito yalitaka Rais ashauriane na Waziri Mkuu. Upande wa Rais ulisema mashauriano yalifanyika. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hayakufanyika kama inavyotakiwa. Viongozi wawili wakuu wa nchi walikuwa wakibishana hadharani kuhusu jambo ambalo kumbukumbu iliyoandikwa vizuri na kutiwa saini na pande zote mbili ingelimaliza asubuhi moja. Mahakama Kuu iliona uteuzi huo haukufuata Katiba, Spika Kenneth Marende akatoa uamuzi wa namna hiyo Bungeni, na mwezi Februari majina yakaondolewa. Baada ya hapo nafasi ya Jaji Mkuu ikatangazwa, waombaji wakahojiwa hadharani na Tume, nchi nzima ikitazama, na Willy Mutunga akaapishwa mwezi Juni. Majina manne ya kwanza yaliangushwa na swali moja tu: mlifikaje kwenye majina haya?

Swali hilo ndilo la kwanza katika orodha ya mambo ambayo sheria ya 2011 inaitaka kamati iyazingatie, yaani utaratibu uliotumika kumpata mteule. Baada yake huja masharti ya Katiba na ya sheria kuhusu cheo, kisha ufaafu wa mteule kwa kazi yenyewe. Nimefuatilia vikao vingi, na inaniuma kuona jinsi swali hilo linavyorukwa. Wabunge humuuliza mteule amesoma wapi, ana mali kiasi gani, ana maono gani, na nadra sana kumsikia mmoja akiuliza nafasi ilitangazwa wapi, waombaji walikuwa wangapi, na jopo la usaili liliwapa alama gani. Pingamizi lako likijengwa juu ya swali hilo, kamati italazimika ama kulijibu ama kuacha pengo linaloonekana katika ripoti yake.

Mapengo ya ripoti ndiyo yanayonikosesha usingizi. Mwaka 2022 Kamati ya Uteuzi ya Bunge la Taifa ilipendekeza Peninah Malonza akataliwe kuwa Waziri wa Utalii, kwa kuwa, kwa maoni yao, hakuonyesha ufahamu wa kutosha wa wizara aliyopendekezwa kuiongoza. Bunge likaikataa kauli ya kamati yake lenyewe na kumwidhinisha. Agosti 2024, baada ya Rais William Ruto kulivunja baraza la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana, kamati ilipendekeza Stella Soi Lang'at akataliwe kuwa Waziri wa Jinsia, kwa sababu iliyoandikwa kwa maneno yanayokaribiana sana na yale ya 2022. Safari hii Bunge likakubaliana na kamati, na yeye peke yake katika orodha ile akakosa cheo. Sisemi kwamba uamuzi mmoja ulikuwa sahihi na mwingine batili. Nasema kwamba mwananchi anayetaka kujua kwa nini sababu ileile ilimzuia mmoja na haikumzuia mwingine hana budi kuziweka ripoti mbili na kurasa mbili za Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ubavu kwa ubavu, na anastahili kuyapata majibu humo. Mwaka 2015 Bunge lilipomkataa Monica Juma kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri, mjadala haukuishia kwenye sifa zake. Ulifika hadi kwenye barua aliyokuwa ameiandika kuhusu wabunge waliokuwa wakifuata huduma ofisini kwake. Barua moja ikatosha kuonyesha kwamba waamuzi nao wana maslahi yao.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwasilisha pingamizi dhidi ya mteule wa kaunti. Sitalitaja bunge hilo wala mtu huyo. Mteule alikuwa ameongoza taasisi ya umma ambayo, kwa mujibu wa ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilikuwa imetumia fedha bila stakabadhi za kuthibitisha matumizi. Niliapa, nikaambatanisha kurasa husika za ripoti hiyo, nikapeleka nakala mbili, moja ikabaki kwao na nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikarudi nayo nyumbani. Kikao kikafanyika bila mimi kuitwa. Ripoti ya kamati ilipotoka, ilisema kwamba hakuna pingamizi lolote lililopokelewa. Nilipopiga simu kuuliza, nilijibiwa, "Mama, barua yako haijulikani ilipo."

Maneno hayo yalinichoma, na hadi leo sijayasahau, kwa sababu mtu aliyefanya kazi masjalani anajua barua iliyogongwa muhuri haipotei yenyewe. Nikaandika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, nikitaka nakala ya ukurasa wa daftari la barua zinazoingia la siku ile. Sheria inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Zikapita bila jibu, nikaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na baada ya Tume kuwaandikia, nakala ya ukurasa ikaja. Karibu na chini ya ukurasa, kwa wino wa buluu, ilikuwepo tarehe, jina langu, maneno "Pingamizi – Uteuzi", na nambari ya folio. Safu ya mwisho, ile inayoonyesha faili lilipelekwa kwa afisa gani, ilikuwa tupu. Mstari wa juu yake na wa chini yake ilikuwa imejazwa.

Mteule alikuwa ameshaapishwa na yumo ofisini mpaka sasa. Sitawaficha kwamba jambo hilo linaniuma. Lakini nilimwandikia Spika, nikaambatanisha muhuri wangu pamoja na ukurasa wao, na tangu wakati huo ripoti za bunge hilo kuhusu wateule zina jedwali la viambatisho linaloonyesha kila hati iliyopokelewa, tarehe yake, imeapiwa au la, na kamati iliamua nini juu yake. Mwezi uliopita niliiona ripoti ya karibuni zaidi, na jedwali limo, limejazwa kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni kazi ya karatasi, na ninajivunia.

Kwa hiyo narudia, na nitaendelea kurudia: beba nakala mbili, hakikisha yako imegongwa muhuri, na uliza nambari ya folio palepale dirishani kabla hujaondoka. Ukituma kwa barua pepe, tuma pia kwa mkono. Ushahidi wako utoke kwenye nyaraka za umma kadiri inavyowezekana, kwa mfano ripoti za Mkaguzi Mkuu, hukumu za mahakama, Gazeti Rasmi la Serikali na Hansard, kwa sababu nyaraka hizo kamati haiwezi kudai kwamba umezitunga. Usiandike tetesi. Usiandike kuhusu kabila la mtu wala ndoa yake. Andika tendo, tarehe, na mahali ushahidi unapopatikana, kisha gonga muhuri.

Tuzisome pia kumbukumbu za zamani, jambo ambalo vijana wetu hawalipendi. Kithure Kindiki alipopigwa msasa mwaka 2022 kwa nafasi ya Waziri wa Usalama wa Ndani aliiambia kamati kwamba mali yake ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 544, na aliporudi mbele ya kamati mwaka 2024 akataja milioni 694. Hakuna ubaya wowote unaothibitishwa na tofauti hiyo peke yake, na alizitaja takwimu hizo hadharani mwenyewe. Lakini mwananchi anaweza kuuliza swali la haki kuhusu miaka miwili kwa sababu tu mwaka 2022 mtu aliandika. Katika kaunti nyingi wateule huulizwa swali hilohilo, jibu likaishia hewani, na miaka mitano baadaye hakuna anayeweza kulinganisha chochote.

Ndiyo maana nawasihi wajumbe wa mabunge ya kaunti, na wabunge wetu, waache kuiona masjala kama chumba cha nyuma cha jengo. Sheria ya mwaka 2016 imeziagiza ofisi za umma zitunze kumbukumbu sahihi na kuziweka katika kompyuta ndani ya miaka 3, na muda huo umepita zamani. Hati za viapo zichapishwe pamoja na ripoti, huku nambari za simu na za vitambulisho vya walioziandika zikifichwa. Alama za majopo ya usaili ziwasilishwe pamoja na jina la mteule. Nanyi vijana mnaolalamika mitandaoni usiku kucha siku ya kuapishwa, mlikuwa wapi katika zile siku 7?

Kwa sasa nina ombi jingine ambalo bado halijajibiwa. Nimeiomba ofisi moja ya kaunti nakala ya tangazo la kazi, orodha ya walioitwa kwenye usaili, na karatasi za alama za jopo lililompendekeza mteule mmoja wa bodi. Ombi limegongwa muhuri na lina nambari ya folio. Wakininyima, nitaomba Tume ya Haki ya Utawala iuchunguze upya uamuzi huo ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa, na uamuzi wa Tume nao unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama Kuu. Watakachonijibu nitakichapisha hapa kama kilivyo.