Ubeti Ule Haukutoka Kwenye Gari la Mumeo

Msomaji wetu wa Pasua, Moshi, ambaye ni mama wa mvulana wa miaka 14 na binti wa miaka 7, analalamika kuwa mumewe anawaharibu watoto kwa kumruhusu mvulana kusikiliza Bongo Fleva garini. Jumapili iliyopita, wakiwa mezani kwa mama mkwe huko Marangu, binti aliimba ubeti wa matusi mwanzo hadi mwisho. Anaomba maneno ya kumkanya mume.

Pole kwa fedheha hiyo, mwanangu. Hata hivyo, anayepanda gari la baba ni mvulana, na aliyeimba ni binti, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe akitoka shule hushinda saluni kwako, mahali ambapo spika inapiga singeli tangu asubuhi. Umegusia pia, kama jambo la kuchekesha, kwamba kwenye kicheni pati ya wifi yako binti huyo alikata mauno katikati ya akina mama, mkamtunza noti, nawe ukairusha video kwenye stetasi. Nyani haoni kundule.

Mumeo, hata kwa jinsi ulivyomsimulia kwa hasira, anafanya kazi ambayo wazazi wengi wa siku hizi wameikimbia: anausikiliza wimbo pamoja na kijana wake, anausimamisha, anamuuliza msanii amekusudia nini, na usiofaa anaukataa huku akimweleza sababu. Wewe umemnyang'anya kijana simu, naye sasa anasikilizia kwa rafiki yake, ambako hakuna mtu mzima wa kumuuliza lolote.

Unasema serikali ingefungia nyimbo hizo. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, imekwishafungia kadhaa, lakini katazo la redioni halifiki kwenye simu ya mtoto. Huko Marekani akina mama walipiga kelele mwaka 1985 hadi kampuni za muziki zikakubali kuweka onyo kwa wazazi kwenye kanda na santuri, na leo Spotify huweka herufi E kwenye wimbo wenye lugha chafu na kukuwezesha kuuzuia usipigwe. Washa kizuizi hicho, ila usikiegemee sana, kwa sababu nyimbo zetu hutukana kwa mafumbo, na wimbo wa muhogo utapita pale bila kusimamishwa. Wala usikimbilie taarabu; mipasho nayo si ya mtoto wa miaka 7.

Kwa hiyo, binti anapoingia saluni, nyimbo zibadilishwe, na mteja atakayenuna anune. Ifute ile video. Mrudishie kijana simu yake, kisha upande nao gari siku moja na usikilize bila kukemea. Kwa mama mkwe, mpigie leo umwombe radhi kwa jina lako mwenyewe, bila kumtaja mwanawe hata kidogo.