Wanapiga simu kuuliza mwanao anafanya nini siku hizi, uwajibu?

Meseji zimekuwa nyingi kuhusu hizi simu za kufuatilia waliomaliza vyuo na shule, yaani chuo au ofisi ya elimu inaipa kampuni ya nje kazi ya kuwatafuta wahitimu na kuwauliza wamefikia wapi. Twende moja moja.

Hujambo mwanangu. Kuna binti kanipigia anasema katumwa na chuo alichosoma kijana wangu, anauliza kama kapata kazi na analipwa shilingi ngapi. Si matapeli hawa? (Mama, Sakina)

Shikamoo mama. Inawezekana ni wa kweli kabisa, vyuo vingi havina watu wa kukaa kutwa kwenye simu ndo maana kazi inatolewa tenda. Ila usimwamini kwa upole wa sauti. Muulize kampuni gani na nani pale chuoni kawapa kazi, kata, alafu piga chuoni mwenyewe kwa namba iliyoko kwenye fomu ya kujiunga, sio namba atakayokupa yeye. Chuo kikisema hakiwajui na umeombwa hela, itume hiyo namba yake kwenda 15040, ndo ya kuripoti matapeli. Mtu wa utafiti hana shida na namba ya siri ya M-Pesa wala zile tarakimu zinazoingia kwa meseji, akifika hapo tu ujue. Na mshahara wa kijana mwache aseme mwenyewe mama, ni mtu mzima yule.

Dada mambo, mi nimesoma umeme wa majumbani, sina ajira, ila wiki ile nilikuwa nimepata nyumba ya mtu nikafanya wayaringi siku 2. Jamaa kapiga nikamwambia sina kazi, yeye kaandika nina kazi. Imekaaje hii? (Kijana, Pasua, Moshi)

Poa. Hajakuonea, kafuata fomu. Kipimo cha ILO, lile shirika la kazi duniani, ukifanya kazi ya malipo hata saa 1 ndani ya wiki inayoulizwa unahesabiwa una kazi, na tafiti nyingi zinafuata hapo. Shida inakuja kwenye ripoti maana wewe wa siku 2 na mwenzako aliyepata mkataba wa kudumu kiwandani mnakaa mstari mmoja, chuo kinatangaza wahitimu wake wana kazi, na mzazi wa Rombo anauza ng'ombe alipe ada akiamini hivyo. Kwahiyo usigombane na ndiyo au hapana, gombana na yanayofuata: hakikisha kaandika siku ngapi, saa ngapi, ulilipwa kiasi gani, kama kuna mkataba, na kama kazi yenyewe ni ile uliyosomea. Mwambie akusomee alichoandika kabla hajakata. Atakuwa na haraka, kuna kampuni zinawalipa wapigaji kwa idadi ya fomu, lakini haraka yake sio yako. Na fomu nyingine bwana, ukisikia maswali yenyewe unajua aliyeandika hajawahi kukaa kijiweni akingoja kibarua.

Kwa nini hii kazi tusipewe walimu? Sisi ndo tunawajua hawa watoto. (Mwalimu, Usa River)

Mwalimu hoja unayo nusu. Marekani sheria yao ya elimu kwa wenye ulemavu, IDEA, inataka kila jimbo liripoti vijana waliokuwa elimu maalumu, mwaka 1 baada ya kutoka sekondari, wangapi wako vyuoni na wangapi wana kazi. Kuna majimbo simu wanazipiga walimu wa wilaya na kuna majimbo yanavipa vyuo vikuu au kampuni. Mwalimu anapokelewa simu fasta kweli, ila umuulize mwanafunzi wako kama mafunzo yalimsaidia atakuambia nini zaidi ya ndiyo mwalimu, shikamoo? Mi naona nyie mtafute namba zinazopatikana, kampuni iulize, na mlipwe. Maana nawajua, mtaambiwa mfanye bure kwa kile kile kishikwambi mlichogawiwa baada ya sensa ya 2022.

Matokeo ya form four si yako mtandaoni? Siri iko wapi sasa? (Baba, Kijenge)

Kaka, yale ya NECTA unaona namba ya mtihani, jinsia, divisheni na masomo. Jina halipo. Kampuni ikipewa orodha yenye jina, simu na hiyo namba ya mtihani inaunganisha vyote kwa dakika moja, hapo ndo siri inapoondoka.

Mkataba ukiisha, majina yetu yanabaki kwa nani? (Msomaji, Njiro)

Yanatakiwa yarudi kwa aliyetoa kazi au yafutwe, na iandikwe kwenye mkataba toka mwanzo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023, na inambana anayekusanya pamoja na anayechakata kwa niaba yake, kwahiyo chuo hakiwezi kusema "muulizeni kampuni". Wakikuzungusha, malalamiko yanaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na mikataba inaweza kufa ghafla jamani, Februari 2025 serikali ya Marekani ilikata mikataba kibao ya taasisi yake ya utafiti wa elimu, kazi nyingine zikiwa katikati.

Wanalipa? (Dogo, Ngarenaro)

Vocha, ukibahatika.

Chuo chetu ni kidogo, hela ya kampuni hatuna. Tufanyeje? (Himo)

Anzeni siku ya kuchukua cheti. Kabla hajakabidhiwa ajaze namba yake, ya mzazi, na ya ndugu mmoja asiyebadilisha laini hovyo, mara nyingi ni shangazi mwenye duka. Zipigeni pale pale akiwa amesimama mbele yenu, isiyoita aandike nyingine, na asaini kwamba amekubali kutafutwa baada ya miezi 6.