Jani la mnyonyo lina siku yake

Mmeuliza wiki hii: dawa gani ya asili unaiamini kwa mvilio wa damu (damu iliyovia chini ya ngozi) na maumivu ya misuli, na unaitayarishaje? Jibu langu ni jani la mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Huku Mbagala, Dar es Salaam, hakuna anayeupanda, unajiotea kwenye viwanja visivyojengwa. Ila kabla ya matayarisho naomba nianze na suala la siku, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kijana akiteguka kifundo kwenye ndondo, mpira wa mtaani, jioni hiyohiyo watamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu mpaka alie. Vimishipa vya damu vimepasuka na bado vinavuja chini ya ngozi. Joto linavitanua, kuchua kunavitonesha, kesho yake mguu umevimba maradufu. Siku mbili za mwanzo ni za barafu: izungushie kitambaa, iweke dakika 15 hadi 20, itoe, rudia baada ya saa kadhaa, na mguu ukae juu ya mto. Jani lisubiri uvimbe uache kuongezeka, mara nyingi siku ya tatu. Mabega au mgongo uliokaza kwa kubeba mizigo, bila uvimbe, hauna haja ya kusubiri.

Chuma majani yaliyokomaa, ya kijani kamili. Usichume kando ya barabara kubwa wala bondeni Msimbazi, kwa sababu mnyonyo hufyonza madini mazito kwenye udongo mchafu. Utautambua kwa jani lililochanika kama vidole vya kiganja, lenye kingo za menomeno, na kikonyo kilichoshika upande wa chini wa jani badala ya ukingoni. Jani la mbono kaburi halichaniki hivyo, hilo liache.

Osha, futa maji, kisha viringisha chupa juu ya mishipa minene ya jani ili ilale. Makaa yawe yamefifia, yasitoe moshi. Pitisha jani juu yake ukiligeuzageuza mpaka linyauke na uso uanze kung'aa. Likikauka likawa la kuvunjikavunjika halifai tena, chukua jingine. Paka ngozi mafuta kidogo ya nazi au ya nyonyo, pima joto la jani kwa ndani ya mkono wako, ndipo ulilaze mahali panapouma, tabaka mbili au tatu, na ufunge kwa kipande cha kanga. Mwenye kisukari usimtegemee akwambie kama panaunguza, kwani miguu yake huenda haihisi vizuri. Amini mkono wako. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Likipoa, kama nusu saa hivi, weka jingine. Asubuhi na jioni inatosha. Penye kidonda usiweke kabisa, na ngozi ikiwasha, acha.

Sidai kwamba jani linaunga mfupa. Naamini sehemu kubwa ya nafuu hutokana na joto lenye unyevu, kufungwa na kupumzika, na jani pana laini hushika umbo la kifundo vizuri sana. Bibi aliyenifundisha hakuwahi kumfunga mtu jani kisha akamruhusu kwenda shambani. Asiyeweza kukanyaga hata hatua chache, au ambaye kiungo chake kimepinda, apelekwe akapigwe eksirei kwanza. Na mwenye mivilio inayojitokeza bila kugongwa popote anahitaji daktari.

Kuhusu dawa za kuchua zinazouzwa kwenye chupa zisizo na lebo, muulize muuzaji usajili wake. Tangu mwaka 2002 Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lipo Baraza linalosajili waganga.

Mbegu ndizo zinazonitia hofu kuliko yote. Zina risini, sumu kali, ingawa mafuta yanayouzwa dukani yakiwa yamesafishwa hayana, kwa kuwa sumu hubaki kwenye mashudu. Kwa hiyo usizitwange nyumbani ukapaka, na ukichuma majani usirudi na vishada vya mbegu, maana ni nzuri machoni na watoto huzichezea. Mtoto akitafuna hata chache, mkimbize hospitali na mbegu yenyewe mkononi, hata kama anacheza vizuri: dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza.